UZI: Beneath a Steel Sky (1994), gemu la kubofya lililoachiwa bure na wenyewe. Waliolicheza tukutane hapa

#1 Kaskazi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naomba nianze na jamaa mmoja anaitwa Gilbert Lamb, msimamizi wa kiwanda. Mara ya kwanza nimemkuta nilikuwa nimesimama nje ya kiwanda chake nasoma maandishi kwenye skrini, taratibu, maana Kiingereza changu cha wakati ule kilikuwa cha kuunga unga. Lamb akatokea, akapita, akaingia mlangoni. Baada ya muda akatoka tena na kurudi alikotoka. Sikuwa nimembofya wala sikumtuma popote, ana mambo yake. Mwaka ulikuwa 2007, gemu lenyewe lilishatimiza miaka 13, na mimi nilikuwa nimezoea magemu ya mpira na ya ngumi ambayo mtu hasogei mpaka umguse. Nilitoa mkono kwenye kipanya nikabaki namwangalia.

Lilinifikiaje? Nilikuwa chuo, mwaka wa pili. Jirani yangu wa bweni alikuwa ameagiza zile CD za Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, zilizokuwa zinatumwa kwa posta bila malipo. Wengi humu wa rika langu mnazikumbuka. Akaniambia kwenye hazina ya programu zao kuna magemu, na mojawapo ni la hadithi, si la kukimbizana. Tulilishusha usiku kwenye maabara ya kompyuta, tukalibeba kwa flashi.

Kwa wasiolijua: limetengenezwa na Revolution Software, kampuni ndogo iliyokuwa Hull, Uingereza, chini ya Charles Cecil na wenzake, likatolewa na Virgin mwaka 1994 kwa kompyuta za DOS na Amiga. Ndio hao hao waliokuja kutoa Broken Sword mwaka 1996, ambalo lilipata jina kubwa zaidi. Picha zake zimechorwa na Dave Gibbons, yule mchoraji wa katuni ya Watchmen, na ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu chake cha katuni kinachosimulia mwanzo wa kisa.

Kisa ni hiki. Australia ya miaka ijayo, miji mikubwa imemeza kila kitu, na nje ya miji ni nyika wanayoiita Gap. Helikopta inaanguka huko nyikani, mtoto mdogo ananusurika, na wenyeji wa nyika wanamlea kama mtoto wao. Wanampa jina Robert Foster, hilo la pili wamelitoa kwenye kopo la bia lililookotwa pale. Anakua, anajifunza ufundi, anaunda roboti kwa vyuma chakavu na kumwita Joey. Halafu siku moja askari wa jiji wanakuja na helikopta nyingine, wanamchukua Foster, na kijiji kinateketezwa. Helikopta inaanguka ndani ya Union City. Wewe unaanza hapo, juu kabisa, umejificha kwenye kiwanda cha kuchakata taka, una koti lako na kibao kidogo cha saketi mfukoni.

Kibao hicho ndicho Joey. Mwili wake umekwisha, roho yake iko kwenye saketi. Unatafuta mashine yoyote yenye nafasi, unakichomeka, na Joey anaamka na kuanza kulalamika kuhusu mwili aliopewa. Wa kwanza ni mdogo na duni, anajiona kama mashine ya kufagilia, na hakuachi hivi hivi. Ukimpatia mwingine wenye kifaa cha kuchomelea anachangamka, na kazi alizokuwa hawezi sasa anaziweza. Nimecheza magemu mengi tangu hapo na sijapata mwenzi wa safari niliyempenda hivi. Unambeba mfukoni, unamsikia akilalama, unatafuta mwili, unamrudisha. Kuna sehemu inabidi umchomoe umwache bila mwili kwa muda mrefu, na nakumbuka nilivyokuwa naharakisha ili nimpate tena.

Halafu jiji lenyewe limepinduliwa. Sisi tumezoea tajiri kukaa ghorofa za juu apate upepo. Union City wafanyakazi na viwanda ndio wako juu, kwenye moshi na kelele, na kadiri unavyoshuka ndivyo watu wanavyokuwa na pesa, mpaka unafika chini kabisa kwenye bustani, bwawa na klabu ya wenye nazo. Gemu zima unashuka. Hakuna anayekueleza hilo kwa hotuba, unaliona kila ukipanda lifti.

Sababu hasa ya kufungua uzi ni hii. Agosti 2003 Revolution waliliachia bure, kihalali. Si kwamba lilisahauliwa watu wakaanza kunakiliana kimya kimya. Wenyewe waliamua, na msimbo wake waliwakabidhi watu wa ScummVM, mradi wa kujitolea ulioanza mwaka 2001, ili liweze kuchezwa kwenye kompyuta ambazo mwaka 1994 hazikuwepo. Naamini kwa moyo wote kuwa hiyo ndiyo sababu lipo hai leo, na ndiyo sababu mimi, mwanafunzi ambaye sikuwahi kuliona boksi lake dukani, nilimjua Joey. Magemu mangapi ya miaka ile yamefungiwa kabatini na wenye haki zake mpaka yameoza?

Nani mwingine humu aliwahi kulicheza? Karibuni.

---

#2 Msafiri wa Eldoret

Mkuu umenirudisha mbali sana. Mimi nililijua kupitia Broken Sword, nikaanza kutafuta kazi zao za awali, nikaanza na Lure of the Temptress ya 1992 kisha nikaja kwa hili. Huo mtindo wa watu kutembea wenyewe waliuita Virtual Theatre na ulianzia kwa Lure. Huko unaweza kumpa mtu maagizo marefu, nenda pale, fungua hiki, kisha rudi. Katika Beneath a Steel Sky wamepunguza makali, na nafikiri walifanya vyema, kwa sababu katika Lure nilikuwa natumia nusu ya muda nikizunguka kijiji kumtafuta mtu mmoja.

Lakini nina neno moja la kupinga. Hili gemu linaua. Unaingia chumba fulani kwa haraka, Foster anakufa, na kama hukuwa umesevu unaanza upya mbali. Wenzao wa LucasArts, kampuni nyingine ya magemu ya aina hii, wakati huo walikuwa tayari wameachana na mtindo huo. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa sababu ya mlango mmoja.

---

#3 Kaskazi (mleta uzi)

Hapo sikatai. Mimi yalinikuta mabaya zaidi: nilikuwa nachezea kwenye kafe moja wakati wa likizo, na wao walikuwa wakifuta kompyuta zote kila Jumapili. Jumatatu nakuta patupu. Baada ya hapo nikawa nabeba mafaili yangu kwenye flashi kila nikiondoka.

Ila vifo vyenyewe ukivihesabu ni vichache, na karibu vyote vina onyo. Ukiona mahali panatisha, sevu. F5 ndiyo inafungua paneli.

---

#4 Zuhura_Mkunazini

Mimi kazi yangu ni kuchora, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu macho tu, hadithi mmeshaisema vizuri.

Picha nzima ni nukta 320 kwa 200, na rangi 256 basi. Simu yangu ya bei ya chini ina nukta zaidi ya hizo kwenye kona yake moja. Sasa chukueni ile picha ya kwanza kabisa, Foster yuko juu kwenye ujia wa chuma ndani ya kiwanda. Itazameni kama dakika moja hivi, msibofye. Mistari yote ya vyuma inakimbilia chini, jicho linavutwa kwenye kina ambacho huwezi kukiona mwisho wake. Foster mwenyewe ni mdogo kama punje. Hajasema neno na umeshajua kwamba yuko juu sana, peke yake, na njia iliyobaki ni kushuka. Gibbons alitoka kwenye katuni za karatasi, na mchora katuni anajua kwamba kisanduku kimoja lazima kiseme pahala, saa na hali ya mtu kabla msomaji hajafika kwenye maneno. Alileta elimu hiyo nzima humu.

Nimewahi kuichukua picha ya bustani ya chini na kuihesabu kijani chake. Nilidhani nitakuta kijani kingi. Ni vichache, amevipanga tu karibu na kahawia kavu, na kwa kuwa umetoka saa nzima za kutu na kijivu huko juu, hicho kidogo unakiona kama Pemba baada ya mvua. Wanafunzi wangu nawaonyesha hiyo.

---

#5 fundi_saa

Mleta uzi, swali la dhati. Una uhakika na hilo la uhalali? Nimezoea tovuti nyingi zinaweka magemu ya zamani na kusema "yametelekezwa, chukua tu". Nina vijana nawafundisha kompyuta kituoni, sitaki niwape kitu cha wizi.

---

#6 Kaskazi (mleta uzi)

Umeuliza vizuri, na tofauti ni kubwa. Gemu "lililotelekezwa" bado lina mwenyewe, hajasema ndiyo wala hapana, watu wanachukulia kimya chake kama ruhusa. Hili mwenyewe amesema ndiyo, na masharti yake yameandikwa kwenye faili la maelezo lililomo humo humo. Ndiyo maana Ubuntu na wenzao wa Debian waliliweka kwenye hazina zao, na hao watu hawachezi na mambo ya haki. Lichukue kwenye tovuti ya ScummVM yenyewe, sehemu ya magemu ya bure. Utakuta pia Lure of the Temptress aliyoitaja Msafiri, nalo waliliachia mwaka huo huo wa 2003, na Flight of the Amazon Queen la 1995, ingawa hilo si la Revolution.

Vijana wako wape kwa amani kabisa.

---

#7 Msafiri wa Eldoret

Naongezea kwa fundi_saa: liko kwa namna mbili. Lile la CD lina sauti za waigizaji, takriban megabaiti 70. Lile la diski za flopi mazungumzo yake ni maandishi matupu, chini ya megabaiti 10. Kama intaneti ya kituo chako inasuasua, chukua la flopi, kisa ni kile kile. Na uwaambie hao vijana kwamba mwenye Amiga mwaka 1994 alipewa diski 15 kwenye boksi, anatoa moja anaingiza nyingine katikati ya hadithi.

---

#8 Kijana wa Kigoma

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa gemu hili likiwa limeshatoka miaka kumi. Nimesoma uzi wote nikashusha la megabaiti 70. Nina simu tu. Nimeweka ScummVM kutoka Play Store, gemu limefunguka, nimeangalia ule mwanzo wa katuni, sasa Foster amesimama na hafanyi kitu. Nikigusa mlango anausifia tu kwa maneno, haufungui.

---

#9 Kaskazi (mleta uzi)

Marahaba kijana, karibu sana.

Kwa kipanya, kitufe cha kushoto ni kutazama na cha kulia ni kutenda. Wewe unagusa kwa kidole kimoja, ndiyo maana anatazama tu. Gusa kwa vidole viwili kwa pamoja, simu itahesabu ni kitufe cha kulia. Vitu ulivyobeba viko juu ya skrini, peleka mshale huko vitashuka vyenyewe.

Kuhusu mlango, mikono mitupu haitoshi. Angalia vyuma vinavyokuzunguka, kimoja hakijashika vizuri. Zaidi ya hapo sisemi, utanichukia baadaye nikikumalizia.

---

#10 Kijana wa Kigoma

NIMEUNG'OA. Asante mkubwa. Joey naye nimempata, ana maneno huyu!

---

#11 Zuhura_Mkunazini

Kijana umenifurahisha. Mimi nilicheza na mdogo wangu akiwa darasa la nne, Kiingereza bado hakijamkaa. Basi nilikuwa nasoma mstari, namtafsiria kwa sauti, yeye anashika kipanya. Tulikuwa na daftari. Gap tuliiita Nyikani. LINC, ile kompyuta inayoendesha jiji, tuliiacha LINC, lakini mdogo wangu akawa anasema "yule asiyelala". Joey ndiye aliyetusumbua zaidi kwa sababu utani wake wote uko kwenye maneno. Akilalamikia mwili wake nilikuwa namfanya aseme kama shangazi aliyepewa chumba kibaya kwenye harusi. Kwetu alikuwa wa Unguja kabisa, na nikicheza sasa kwa sauti za wale waigizaji naona kama mtu mwingine.

Kuna jambo nililiona kwa kumtafsiria mtoto, peke yangu ningelipita. Karibu kila mtu wa jiji hilo ukimwuliza kuhusu maisha yake anajibu kuhusu kazi yake. Mzee wa bima anaongea bima. Wakala wa safari anaongea safari. Anita, msichana mmoja wa humo jijini, ndiye wa kwanza anayeuliza kitu kuhusu Foster mwenyewe, ametoka wapi, alilelewa na nani. Mdogo wangu akasema, "Dada, huyu ndiye mtu." Tulimpenda hapo hapo.

---

#12 fundi_saa

Nimerudi wakuu. Wiki mbili sasa. Nimeliweka kwenye kompyuta sita za kituo, zile kongwe ambazo hata kivinjari zinafungua kwa taabu, na linakwenda bila kukwama hata mara moja. Nimewapanga vijana wawili wawili. Sikutegemea kilichotokea: darasa likanyamaza, halafu wakaanza kubishana. Kwa nini mashine ya kuuza haitoi, nani ana kadi ya kupanda lifti, tumpe Joey mwili upi. Wakibishana hivyo ndivyo wanavyojifunza kutafuta hitilafu, na mimi hilo nimekuwa nikilifundisha kwa saa za umeme zilizokufa kwa miaka mingi. Unaangalia kitu kizima, unauliza kipi kinategemea kipi, unajaribu kimoja kimoja.

Ila wamekwama pamoja, wote. Wako chini kabisa, bustanini. Kuna kanisa kuu na mlinzi hataki kuwapisha.

---

#13 Msafiri wa Eldoret

Ahaa, mbwa! Hapo mimi nilikaa siku tatu.

Waambie waangalie yule bibi mwenye mbwa, Bi Piermont. Mbwa wake anapenda biskuti, na biskuti ziko nyumbani kwa bibi huyo. Kuzichukua mbele ya mbwa haiwezekani, labda awe ametekwa na kitu kwenye video. Halafu kule karibu na bwawa kuna ubao, kuna kamba, na kuna mzigo mzito unaoning'inia. Ubao una ncha mbili. Mlinzi ana moyo mwema kwa wanyama.

Nimesema mengi kuliko nilivyotaka, lakini ni fumbo ambalo hakuna aliyelipata bila kulalia.

---

#14 Kaskazi (mleta uzi)

Hilo la mbwa ndilo ninalolitumia nikitaka kumweleza mtu ufundi wa hawa jamaa. Bibi anatembeza mbwa bustanini tangu unapofika, umempita mara kumi, umeongea naye kuhusu klabu, umemwona mbwa akikimbia huku na huku kwa sababu hiyo ndiyo ratiba yake. Unadhani ni pambo. Siku unayogundua kwamba huyo mbwa ndiye ufunguo, huhisi umedanganywa, unaona haya kwamba ulikuwa naye muda wote na hukumwangalia. Nilianza uzi na Lamb kwa sababu hiyo hiyo.

fundi_saa, ukweli umenigusa. Kompyuta sita.

---

#15 Msafiri wa Eldoret

Kwa wale watakaomaliza: kuna mwendelezo, Beyond a Steel Sky, ulitoka 2020, Cecil na Gibbons wakiwa pamoja tena baada ya miaka 26. Huo si wa bure, na umeundwa kwa mtindo wa kisasa unatembea ndani ya jiji. Lakini msiuguse wala msisome habari zake kabla ya kumaliza huu. Sentensi ya kwanza tu ya maelezo yake inawatobolea mwisho.

---

#16 Kijana wa Kigoma

Wakubwa nimefika kanisani. Mbwa nimemrusha bwawani, mlinzi kamkimbilia, nikapenya.

Kule ndani kuna makabati. Nimefungua moja baada ya jingine.

Mbona hamkusema kuhusu Anita?

---

#17 Zuhura_Mkunazini

Pole mdogo wangu. Hatukuweza kusema.

Mimi na ndugu yangu tulipofungua lile kabati alinirudishia kipanya, akaenda kulala. Kesho yake alitoka shule, akavua viatu, akaniuliza kama Joey bado yuko. Nikamwambia yuko. Akavuta kiti.

Endelea. Bado unamhitaji Foster afike chini zaidi.